Shemeji Analala Wapi?

MWAJUMA: Haya, mnatusikia tena. Salamu ndefu leo hakuna, maana mwenzangu kaingia hapa kiganja kimefungwa kitambaa, na tangu asubuhi kila ninayekutana naye pale Kibirizi, hapa Kigoma, ananiuliza habari za nyani. Yahaya, nyani gani?

YAHAYA: Shikamoo kwanza, dada.

MWAJUMA: Marahaba. Nyani.

YAHAYA: Nyani tutamfikia. Nimekuja na karatasi, nimeandika mambo matano kwa mtu mwenye boti ndogo ya chumba anayetaka kusafiri na kihori chake, kile kiboti cha kushukia ufukweni. La kwanza...

MWAJUMA: Karatasi iweke chini ya kikombe, isipeperuke. Nyani.

YAHAYA: Sawa. Jumamosi nilikuwa nampeleka shemeji Mwamgongo, kile kijiji cha kaskazini, huku huku Ziwa Tanganyika.

MWAJUMA: Ngoja. Shemeji yupi? Wenyeji wa kipindi wanajua una wawili.

YAHAYA: Wa nyumbani. Mdogo wake mke wangu, yule aliyekuja mwezi wa nne kwa siku mbili.

MWAJUMA: Na sasa ni mwezi wa saba.

YAHAYA: Na sasa ni mwezi wa saba. Sasa amepata mchumba kule Mwamgongo, nikasema Mungu mkubwa, huyu akioa atahama. Tukapakia boti. Ile ile ya faiba, mita 6 na nusu, vitanda viwili, jiko la gesi, mashine ya farasi 40. Nyuma, kwa kamba, yuko Shemeji.

MWAJUMA: Wa pili. Kwa wageni: hicho ni kihori cha faiba, kina mita mbili na kitu. Tulikiita Shemeji kwa sababu kinakufuata kila uendako, hakifanyi kazi njiani, na kila jioni lazima mjadiliane kitalala wapi.

YAHAYA: Ndani ya boti mlikuwa na mimi, shemeji, mjomba wake, mshenga, na mabegi. Mkungu wa ndizi wa ukweni ukakosa nafasi. Nikauweka ndani ya Shemeji.

MWAJUMA: Ndani ya Shemeji! Wa nyuma?

YAHAYA: Wa nyuma.

MWAJUMA: Naanza kumwona nyani.

YAHAYA: Basi. Tunatoka ghubani, tunakwenda kaskazini. Unajua kusi la mwezi huu, upepo wa kutoka kusini. Ukienda kaskazini mawimbi yako mgongoni, unaona raha, boti inasukumwa. Asiyeona raha ni anayevutwa. Kila wimbi likija linamwinua Shemeji, anateleza kwenye mteremko wake, anakuja mbio, anagonga tezi, nyuma ya boti: puu! Anarudi nyuma, kamba inakaza, inatikisa boti yote. Wimbi lingine: puu!

MWAJUMA: Anabisha hodi.

YAHAYA: Usiku wa manane, kama yule mwingine. Sasa hapo dawa ilikuwa kumwachia kamba ndefu, akae nyuma ya wimbi lake, asiwe anateremka nalo. Mimi nikafanya kinyume. Nikapunguza mwendo.

MWAJUMA: Kamba ikalegea.

YAHAYA: Ikalegea, na ilikuwa ya nailoni. Nailoni inazama. Hizi za plastiki tunazoziita manila zinaelea, ungeiona juu ya maji. Ya kwangu ikazama kimya kimya, propela ikaikamata, ikajisokota, mashine ikazimika. Boti ikageuka ubavu kwenye mawimbi. Mjomba akaanza kusoma dua kwa sauti. Nikainua mashine, nikainama na kisu cha jikoni, nikakata kamba. Nikakata na hiki kiganja.

MWAJUMA: Na Shemeji?

YAHAYA: Akaenda zake. Upepo ukamchukua hadi ufukweni Gombe.

MWAJUMA: Na ndizi zake.

YAHAYA: Na ndizi zake. Dada, sikuwa hata nimemaliza kutoa nyuzi kwenye propela, wakatoka msituni. Mmoja, dume, akaingia, akakaa pale kwenye kibao cha kati. Anamenya. Anatutazama.

MWAJUMA: Nahodha mpya.

YAHAYA: Mshenga ndiye aliyesema, "Shemeji kapata shemeji."

[Wanacheka kwa muda]

MWAJUMA: Lakini wasikilizaji waelewe ugumu uliopo. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ni ndogo lakini huwezi kushuka tu unavyotaka, kuna malipo na kuna askari. Wewe ulishukaje?

YAHAYA: Sikushuka. Ningeshukaje? Ukitaka kwenda ufukweni unahitaji kihori, na kihori ndicho kipo ufukweni.

MWAJUMA: Nanga?

YAHAYA: Nanga ya nini, ziwa hili? Kina chake mita 1,470 pale parefu kabisa, na upande huu milima inashuka hivyo hivyo hadi chini ya maji. Unatupa nanga karibu na nchi kavu, kamba inakuishia mkononi. Tukawa tunazunguka na mashine polepole, tunamwangalia nyani anakula mahari.

MWAJUMA: Ndizi si mahari, usitie watu hasira.

YAHAYA: Zawadi, basi. Mwisho akapita kijana na mtumbwi wake, akaenda akazungumza na askari, akatuletea Shemeji. Shilingi 10,000. Maganda akatuletea bure.

MWAJUMA: Hapo hapo! Hapo ndipo ninapokushika. Aliyekuokoa nani? Kijana wa mtumbwi. Sasa kwa nini unasafiri na Shemeji? Boti ya mita 6 na nusu haina nafasi ya mkungu wa ndizi, itakuwa na nafasi ya chombo kingine? Kila kijiji pwani hii kina mitumbwi. Unafika, unapiga mluzi, anakuja mtu, unampa chake, unashuka.

YAHAYA: Na usiku? Na ukiwa umesimama mahali hakuna kijiji?

MWAJUMA: Usiku unalala ndani ya boti, si una vitanda? Yahaya, mimi nimefanya biashara ya dagaa zile siku Liemba inatembea. Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Meli ya mita sabini na kitu! Na vituo vingi ilikuwa inasimama majini, boti za kijiji zinakuja ubavuni na watu, kuku, mihogo. Lagosa nimepandia hivyo, saa nane za usiku, nimebeba mtoto. Mwaka 2015 wale ndugu zetu wa Burundi waliojaa Kagunga, hakuna gati, wakapelekwa melini kwa boti ndogo. Liemba haikushusha kihori chake. Wewe una nini cha kuizidi Liemba?

YAHAYA: Dada, Liemba ina boti zake za kuokolea, ziko juu, zimening'inia. Umezipita mara ngapi ukienda kununua chai? Kushuka ufukweni ni jambo moja, kuokoa roho ni jambo jingine. Boti ya kijiji inakuja ukipiga mluzi, lakini boti yangu ikishika moto katikati ya ziwa mluzi nitampigia nani? Kwa hiyo Shemeji anakuja. Ila havutwi tena. Anapanda juu ya chumba, kifudifudi, anafungwa pande nne.

MWAJUMA: Juu ya chumba! Kilo ngapi?

YAHAYA: Arobaini hivi.

MWAJUMA: Kilo arobaini kichwani mwa boti nyembamba, kwenye kusi. Na atakayemfungua lazima asimame huko juu, hizo kilo themanini nyingine. Boti ikilala hailali kidogo. Na usukani? Utaona mbele au utaona mgongo wa Shemeji?

YAHAYA: Nitaona pembeni yake.

MWAJUMA: Pembeni yake! Basi nunua ya mpira, ya kujaza upepo, unaikunja chini ya kitanda.

YAHAYA: Niwe nazama huku napiga pampu ya mguu? Dakika kumi, dada. Nusu yake nitakuwa natafuta pampu.

MWAJUMA: Unazama umevaa jaketi okozi. Kazi yake ndiyo hiyo.

YAHAYA: Jaketi linakuweka juu ya maji. Halikufikishi nchi kavu.

MWAJUMA: Na kihori kilichofungwa pande nne kwenye paa la boti inayozama kinakufikisha? Utazifungua kamba nne kwa kiganja hicho?

YAHAYA: Kwa kisu.

MWAJUMA: Kile cha jikoni.

YAHAYA: ...Hukubali.

MWAJUMA: Sikubali. Wewe?

YAHAYA: Nami sikubali. Mtu akitembea na boti bila kihori mimi namwona kama mtu aliyejenga nyumba bila mlango.

MWAJUMA: Na mimi nakuona kama mtu aliyejenga chumba kimoja akamkaribisha shemeji juu ya paa.

YAHAYA: Si ndiko anakolala? Yule wa nyumbani joto likizidi anapanda kibarazani juu.

MWAJUMA: Yule wa nyumbani! Tumemsahau. Mlifika?

YAHAYA: Tulifika saa kumi. Tumelowa, hatuna ndizi, mimi natoka damu, mjomba bado anasoma dua. Mshenga akaeleza habari yote, wazee wakasikiliza kwa adabu kabisa. Alipofika kwenye nyani, babu mmoja akatoka nje. Tukamsikia anacheka huko nyuma ya nyumba.

MWAJUMA: Saa yetu imebaki dakika mbili, na karatasi yako haijafunguliwa.

YAHAYA: Mambo matano! Haraka haraka: kamba ya kuelea; ukikaribia nchi au kurudi nyuma, ivute iwe fupi kabla hujagusa gia; usiweke kitu ndani ya kinachovutwa...

MWAJUMA: Hilo tumelisikia kwa nyani mwenyewe. Yahaya, dakika moja. Walimkubali?

YAHAYA: La nne...

MWAJUMA: Walimkubali shemeji?

YAHAYA: Walisema kijana hana tatizo. Turudi Jumamosi hii. Na ndizi.

MWAJUMA: Watu wale wale, boti ile ile?

YAHAYA: Ile ile. Mjomba kasema anapanda gari hadi barabara itakapoishia, halafu atatembea.

MWAJUMA: Na mkungu utakaa wapi?

YAHAYA: Kitandani.

MWAJUMA: Na Shemeji?

YAHAYA: Juu.

MWAJUMA: Mwache Kibirizi.

YAHAYA: Juu, dada. Nimeshanunua kamba.

MWAJUMA: Ya nini?

YAHAYA: Manila.