Jinsi ya Kumsoma Mbwa Kwenye Jaribio la Hulka

Karibu mtazamaji. Leo tutasimama upande wa mwamuzi, tuone mbwa anavyopewa alama kwenye jaribio la hulka. Kabla hatujaanza, nakuomba ushike jambo moja ambalo wengi hulikosa: kushtuka si kosa. Mwenye masikio lazima ashtuke. Tunachopima ni muda anaochukua kutulia, na anachofanya akishatulia.

Nitafuata mpangilio wa American Temperament Test Society, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1977. Una majaribio madogo 10, na yote huchukua kama dakika 8 hadi 12. Mbwa awe ametimiza angalau miezi 18, kwa sababu mdogo kuliko hapo bado hajatulia kitabia na alama zake zitakudanganya.

Hatua ya kwanza, angalia kamba. Ina urefu wa futi 6 na inatakiwa ilegee muda wote. Mimi huanza na mkono wa mwenye mbwa ndipo nishuke kwa mbwa mwenyewe. Mkono ukikaza, mbwa anajua kuna jambo, na hapo utakuwa unapima wasiwasi wa bwana wake. Mwenye mbwa haruhusiwi kumsemesha, kumwamuru wala kumkaripia. Mbwa aliyefundishwa "kaa" atakaa hata kama moyo unamwenda mbio, nasi hatukuja kupima mafunzo.

Hatua ya pili ni watu. Mgeni wa kwanza anakuja, anamsalimia mwenye mbwa bila kumgusa mbwa. Wa pili anachangamka na kumpapasa mbwa. Hapa mambo huwa rahisi. Asiyependa kushikwashikwa akigeuza kichwa, mwache, ana haki yake. Anayejibanza nyuma ya miguu ya bwana wake na kukataa kutoka, mwandike.

Sasa hatua ya tatu, na hapa naomba usogee karibu na skrini. Mbwa anapita mahali palipofichwa ndoo ya chuma yenye mawe, na ndoo inatikiswa. Kisha inatolewa wazi. Tazama masikio: yamelala nyuma mara moja. Mkia umeshuka. Amerudi nyuma hatua mbili. Usiandike kitu bado! Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Umeona? Sikio moja limesimama, shingo imerefuka, pua inaitafuta ndoo. Sasa anakwenda mwenyewe, miguu ya nyuma bado imebaki mbali, tayari kukimbia, lakini pua imegusa ndoo. Kwangu huyu ana hulka nzuri kuliko yule aliyepita bila hata kugeuka, kwa sababu ametuonyesha safari nzima, kutoka hofu hadi udadisi.

Baada ya ndoo hufuata mlio wa bunduki kutoka mafichoni, na unausoma vilevile.

Kisha mwavuli. Mtu aliyekaa anaufungua ghafla, mbwa akiwa karibu. Jike huyu wa kahawia ameruka pembeni na sasa anavuta kamba kwa nguvu zote kuelekea alikotoka. Mwavuli umetulia kitambo, yeye bado anahema mdomo wazi, macho meupe pembeni, haangalii tena kitu chochote. Hiyo ndiyo hofu isiyopoa, na ni moja ya sababu tatu za kumwangusha mbwa. Nyingine ni kukwepa kwa nguvu bila kukubali kurudi, na ukali usiochokozwa. Inaniuma kumwangusha mbwa wa namna hii, lakini mwenye kuishi naye anahitaji kuujua ukweli huu kuliko anavyohitaji cheti.

Hatua inayofuata ni sakafu: anatembezwa juu ya nailoni, kisha juu ya wavu wa chuma. Akisita akaendelea, sawa. Angalia kucha, zikikunjwa kushika chini ilhali mwili unasonga mbele, anajikaza, na kujikaza ni alama nzuri.

Mwisho anatokea mtu mwenye mavazi ya ajabu. Kwanza anakatiza kwa mbali, halafu anasogea kwa fujo, halafu anatisha waziwazi, ila hafiki kumgusa mbwa. Hapa ndipo mwamuzi asiyejua aina za mbwa huharibu kazi. Mbwa wa ulinzi akisonga mbele na kubweka wakati anatishwa, anafanya alichozaliwa kukifanya. Mbwa wa kuokota ndege waliowindwa akibaki ametulia ubavuni mwa bwana wake, naye yuko sawa. Umri na mafunzo yake pia huingia kwenye hesabu. Lakini akibweka vile kwa mgeni wa kwanza kabisa, aliyekuja kusalimia tu, huo ni ukali usio na sababu.

Waamuzi huwa zaidi ya mmoja, na uamuzi hufuata walio wengi. Kwa hiyo jaza karatasi yako kabla hujazungumza na wenzako. Andika ulichokiona kwa macho. Usiandike "mwoga". Andika "alirudi nyuma hatua mbili, akatulia, akanusa ndoo", kisha mwite mbwa anayefuata.