Gegedu Likiliwa Halirudi

REHEMA: Karibuni. Tunazungumza nanyi kutoka Area C, Dodoma mjini, mimi Rehema pamoja na kaka Petro, mtaalamu wa maabara. Leo ni maumivu ya viungo, na kaka Petro anasema tutagusa na damu. Naanza na ujumbe wa sauti kutoka Mpunguzi. Mama mmoja mkulima wa zabibu anasema kila akiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukaza, hawezi kushika mkasi wa kupogolea mpaka saa nne. Hali hiyo imemwandama miezi sasa. Majirani wanamwambia ni baridi ya Juni na huu upepo wetu.

PETRO: Pole sana, mama. Na kabla sijaeleza lolote, naomba usisubiri baridi iishe. Nenda hospitali wiki hii, uwaambie maneno hayo hayo: vidole, mikono yote miwili, asubuhi, zaidi ya saa moja. Daktari akisikia hivyo anafikiria baridi yabisi inayoletwa na kinga ya mwili.

REHEMA: Maana wengi tukisikia maumivu ya viungo tunawaza magoti ya bibi.

PETRO: Goti la bibi mara nyingi ni ugonjwa mwingine. Lile linauma akitembea, akipumzika linatulia, na ule mkazo wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Hii ya kinga inapenda viungo vidogo, inashika kulia na kushoto, na mtu akikaa bila kujongea ndipo inapozidi kukaza. Wanawake inawapata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Baridi inaweza kumwongezea mtu maumivu, lakini haianzishi ugonjwa.

REHEMA: Basi nini kinaanzisha?

PETRO: Chanzo hasa ni mchanganyiko: kurithi, sigara, na mambo mengine ambayo watafiti bado wanayachimba. Ila njia yake inajulikana vizuri. Mwili unatengeneza kingamwili, zile protini za kupambana na vijidudu, halafu hizi zinalenga protini za mwili wenyewe. Na zinaweza kuwa kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole hakijauma hata mara moja. Baadaye utando laini unaofunika kiungo kwa ndani unavimba, unajaa seli za kinga, unatambaa juu ya gegedu na kulila kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoyeyusha tishu. Pembeni, seli zinazomeng'enya mfupa nazo zinaamshwa.

REHEMA: Hapo kwenye gegedu tukae kidogo. Wengi tunalifahamu kama kile cheupe cha mwisho wa mfupa, basi.

PETRO: Ndicho hicho, na ni kitu cha ajabu. Gegedu la kiungo halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Linakula kama sponji: ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linafyonza majimaji ya kiungo yenye chakula chake. Kwa kuwa halina damu, likijeruhiwa halina njia ya kuleta mafundi wa kulijenga upya. Daktari mmoja wa Uingereza, William Hunter, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi, na kwa mtu mzima kauli yake bado inasimama kwa sehemu kubwa. Na kwa kuwa halina mishipa ya fahamu, halilii linapoliwa. Maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye utando na mfupa.

REHEMA: Kwa hiyo mtu anaweza kutuliza maumivu huku gegedu linaendelea kuliwa?

PETRO: Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki, anapata nafuu, anarudi tena wiki ijayo. Diklofenaki inapunguza maumivu na uvimbe, lakini haizuii gegedu kuliwa. Akizoea mwaka mzima, tumbo na figo ziko hatarini, na vidole vimeshapinda.

REHEMA: Sasa kaka, ulisema tutagusa na damu. Damu na vidole wapi na wapi?

PETRO: Kosa lile lile la kinga linaweza kuangukia damu. Nikupe kisa ambacho mimi nakiheshimu sana. Mwaka 1950, St. Louis huko Marekani, kulikuwa na wagonjwa wanaovuja damu kwa sababu chembe sahani zao, zile zinazosaidia damu kuganda, zimekwisha. Haikujulikana kama uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, umeshindwa kuzitengeneza au kuna kitu kinaziharibu zikishatoka. Daktari kijana, William Harrington, akajitundikia damu ya mgonjwa wa namna hiyo.

REHEMA: Akajitundikia mwenyewe?

PETRO: Mwenyewe. Ndani ya saa chache chembe sahani zake zikaporomoka kiasi cha kutishia uhai, akapata na degedege. Baada ya siku kadhaa zikapanda tena. Kwa gharama hiyo dunia ikajua kwamba kwenye damu ya mgonjwa mlikuwa na kitu kinachoziangamiza, na baadaye kikathibitika kuwa kingamwili. Kwa chembe nyekundu, Robin Coombs na wenzake wa Cambridge walikuwa wameshatoa kipimo mwaka 1945. Kinaonyesha kama kingamwili zimezigandia. Mpaka leo maabara zinakitumia, na kinaitwa kwa jina lake.

REHEMA: Umesema chembe za Harrington zilipanda tena. Gegedu halipandi.

PETRO: Umeshika penyewe, dada. Chembe sahani inaishi siku saba hadi kumi, chembe nyekundu kama siku 120, na uloto unatengeneza nyingine usiku na mchana. Shambulio la damu linaweza kuua haraka, lazima niseme hivyo. Lakini likizimwa, damu inajijaza yenyewe kwa siku au wiki. Shambulio la kiungo haliui leo, ndiyo maana watu wanalivumilia, na kila mwezi wa kuvumilia unachukua kitu kisichorudishwa. Ningependa watu wakimbie hospitali kwa vidole kama wanavyokimbia kwa damu ya puani.

REHEMA: Na mtu mmoja anaweza kupata vyote viwili?

PETRO: Anaweza. Mwaka 1924 Augustus Felty alieleza wagonjwa wa viungo ambao wengu limevimba na chembe nyeupe zimepungua. Hiyo si ya kila siku. Cha kila siku ni upungufu wa damu. Uvimbe ukikaa muda mrefu, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, nayo inafungia madini ya chuma ndani ya seli. Chuma kipo mwilini, ila uloto haukipati. Mama anapewa vidonge vya kuongeza damu, anameza miezi, damu haipandi, halafu analaumiwa kwamba hali mboga za majani. Wakati shida iko kwenye viungo vyake.

REHEMA: Hiyo imenigusa. Haya, akifika hospitali apimwe nini?

PETRO: Aanzie kituo cha karibu, apewe rufaa kwenda hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma. Watampima picha nzima ya damu na vipimo vya uvimbe. Kuna kipimo cha rumatoidi fakta, kingamwili inayoonekana kwenye damu ya wagonjwa wengi wa baridi yabisi hii, ambacho msingi wake uliwekwa na Erik Waaler wa Norwei mwaka 1940, na Harry Rose wa Marekani mwaka 1948. Hapa nasema kama mtu wa maabara: kipimo hicho kikiwa chanya peke yake hakitoshi. Kifua kikuu, homa ya ini na hata uzee vinaweza kukifanya chanya. Kikiwa hasi, ugonjwa unaweza kuwepo bado. Kile cha anti-CCP, kinachotafuta kingamwili nyingine ya ugonjwa huu, kinabainisha vizuri zaidi. Kama hakifanyiki hapo, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi.

REHEMA: Msikilizaji wa Nkuhungu anauliza kama virusi vinaweza kuleta viungo namna hii.

PETRO: Vinaweza. Chikungunya, mlipuko wake uliotambuliwa kwanza kitaalamu ulikuwa huku kwetu kusini, Newala, mwaka 1952. Homa inapita, viungo vinaweza kubaki vinavimba miezi, ukaona ni baridi yabisi kabisa. Kwa hiyo mweleze daktari kama ulianza na homa kali. Na mtoto anayevimba vidole au kulia mifupa apimwe selimundu. Ule ni ugonjwa wa kurithi, hautokani na kinga kukosea, na Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

REHEMA: Tiba sasa.

PETRO: Dawa ya msingi ni methotreksati, inapunguza makali ya kinga. Ikianza mapema inaweza kusimamisha ulaji wa gegedu. Nyingine ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyomeza kwa malaria mpaka 2001. Halafu kuna dawa zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini, London. Walichukua tishu za viungo vya wagonjwa, wakagundua kwamba wakizuia protini moja, TNF, protini nyingine za uvimbe zinapungua pamoja nayo. Mwaka 1992 wakajaribu kwa wagonjwa 20, na watu waliokuwa hawajiwezi wakapanda ngazi.

REHEMA: Mbona hatuzisikii sana huku?

PETRO: Bei, kwanza. Pili, TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuwafungia bakteria wa kifua kikuu waliolala mapafuni. Ukiizuia, wanaweza kuamka. Taarifa hizo zilitoka wazi mwaka 2001. Nchini kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo kwa wingi, hakuna kuchoma dawa hiyo kabla ya kupima.

REHEMA: Na methotreksati? Nimesikia watu wanaiogopa.

PETRO: Wasiiogope, waifuate. Kwa viungo inamezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, narudia, siyo kila siku. Kuna watu duniani wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku, tuseme Jumapili, mwandikie mwenye kukusaidia nyumbani ajue. Utapewa na foliki asidi, na utapimwa damu na ini mara kwa mara. Pombe iache.

REHEMA: Na mama anayetaka kupata mtoto?

PETRO: Methotreksati inaharibu mimba. Amwambie daktari kabla hajashika ujauzito, ili aiache mapema na kubadilishiwa. Haidroksiklorokwini inaweza kuendelea wakati wa mimba. Na asiache dawa zote kimya kimya kwa hofu, kwa sababu ugonjwa ukiachiwa nao unamuumiza yeye na mtoto.