Kuvua samaki Kansas baridi inapoisha: ukingoni Cheney, botini El Dorado

Karibuni ndugu zangu. Hapa nimesimama kwenye ukuta wa bwawa la Cheney, magharibi mwa jiji la Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Ni wiki ya kwanza ya Aprili, saa moja jioni, na huo mnaousikia ni upepo. Nimejaribu kuukinga kwa kofia, haukingiki. Hii ni nchi tambarare ya nyasi, mlima wa kuuzuia haupo.

Wengi wenu mmeniomba video hii, hasa ninyi mliokulia kando ya ziwa Tanganyika kama mimi, kuanzia Kigoma hadi Uvira na Baraka, na mliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Samaki mnawajua. Msichokijua ni haya maji. Kansas haina ziwa kubwa la asili; karibu kila maji makubwa unayoyaona ni mto uliozibwa. Cheney ni mto Ninnescah wa kaskazini, ulizibwa miaka ya 1960, na maji yake ndiyo wanayokunywa watu wa Wichita. Maji ya namna hii ni ya kina kifupi, hupoa haraka na kupata joto haraka. Kwa hiyo mwezi huu samaki hakai mahali pamoja. Anafuata joto na upepo, nasi tutamfuata vilevile.

Kabla ya chochote, leseni. Ukiwa na miaka 16 au zaidi unaihitaji, na inanunuliwa kwa simu kutoka idara ya wanyamapori na hifadhi ya jimbo. Gari nalo linahitaji kibali likiingia kwenye hifadhi. Wavu usiuguse kwa samaki wa kula, hapa ni ndoano. Kila bwawa lina vipimo vyake vya urefu na idadi ya samaki, na hubadilika, basi soma ubao ulio pale langoni kila mwaka. Njoo na rula ya inchi. Samaki unamlaza kwa ubavu hivi, mdomo umefungwa, mkia umebanwa, ndipo unasoma. Akipungua hata kidogo, anarudi majini.

Sasa hatua ambayo watu wengi huiruka: pima maji. Hiki ni kipimajoto cha kawaida nimekifunga kwenye kamba ya mita 2. Nakizamisha, nahesabu dakika mbili, natoa. Tazameni: nyuzi 48 za Farenhaiti, yaani kama 9 za Selsiasi. Namba hii inaniambia nivue samaki gani leo. Kati ya 7 na 10 za Selsiasi, wolai (walleye), samaki mwenye meno wa maji haya, anataga mayai. Ikifika 12 mpaka 16, samaki aitwaye besi mweupe (white bass) anapanda mto. Kuanzia 16 mpaka 20, kropi (crappie), samaki mwenye mdomo laini, anaingia vichakani kwenye maji mafupi. Andika namba hizo kwenye karatasi uziweke ndani ya sanduku la ndoano. Kalenda haitakusaidia sana, maana mwaka mmoja Aprili ni ya joto, mwaka mwingine theluji inaanguka.

Cha pili ni upepo. Kansas wakati huu upepo mwingi unatoka kusini. Unayasukuma maji ya juu, yaliyopata joto la jua, yakajikusanye upande wa kaskazini, na vijidudu na samaki wadogo wanaenda nayo. Mvuvi wa ukingoni asimame pale upepo unapompiga usoni. Najua haipendezi, mshipi unarudishwa na macho yanatoa machozi, lakini chakula kiko hapo. Wa boti nitamwambia kinyume chake baadaye.

Njoo karibu na mikono yangu, nafunga fundo. Fundo baya linapoteza samaki wengi kuliko chambo kibaya. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, acha ncha ndefu kama urefu wa kiganja. Izungushe ncha kwenye mshipi wenyewe mara 5. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Rudi na ncha, iingize kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, halafu uipitishe kwenye kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Usivute kwanza. Lilowanishe kwa mate. Mshipi mkavu ukivutwa unajiunguza kwa msuguano na kudhoofika. Sasa vuta taratibu, mizunguko ijipange kama kamba ya kitanda. Kata ncha. Vuta tena kwa nguvu; kama litafumuka, lifumuke mkononi mwako.

Jua linazama, tuanze na wolai. Mtoni wolai hutafuta kokoto zinazopigwa na maji, anamwaga mayai juu yake na kuondoka, hajengi kiota wala halindi. Hapa bwawani kokoto zimezama kwenye tope. Kilichobaki ni haya mawe makubwa yaliyopangwa kwenye ukuta ili mawimbi yasiule, nayo mawimbi yanayapa mayai hewa. Ndiyo maana madume yapo hapa usiku, wakati mwingine kwenye maji ya kufika magotini tu. Kwenye baadhi ya mabwawa ya Kansas, idara yenyewe hutega nyavu mbele ya ukuta msimu huu, ikakamua mayai na kuyapeleka kwenye vituo vya kutotolesha.

Basi kosa la kwanza la mgeni ni kutupa katikati ya bwawa kwa nguvu zake zote. Samaki yuko miguuni pako. Geuka, simama ubavu kwa maji, tupa sambamba na ukuta. Chambo changu ni hiki cha bandia, umbo la dagaa mkubwa, sentimita 11, kinachoelea chini kidogo ya uso wa maji. Kivute polepole sana, tena zaidi ya hapo. Zungusha rili mara tatu, simama, hesabu mbili, endelea. Mara nyingi anakamata pale uliposimama, na hutasikia kishindo, utahisi tu kama umenasa jani. Inua fimbo.

Na zimeni taa. Kwetu karabai ndiyo inayomleta dagaa, tukasubiri mwezi ufifie ndipo tuingie kazini. Hapa ni tofauti kabisa: jicho la wolai limeumbwa kuona penye mwanga hafifu, ukimmulika linang'aa kama la paka, na mwanga unaopiga majini humfukuza. Mimi nawasha taa ya kichwani nikiwa nimeyapa maji mgongo, nafunga fundo, nazima.

Akija, usimshike mdomoni, ana meno ya kweli. Mshike nyuma ya kichwa kwa mkono uliolowa, ukilaza miiba ya mgongoni kuelekea mkiani. Kifuniko cha matamvua nacho kinakata kama wembe, kidole changu kina alama.

Kwa wale wanaotaka kambare, na najua ni wengi, msisubiri kiangazi. Kuna samaki mdogo wa fedha anaitwa shadi, baridi kali inamuua kwa wingi. Barafu ikiyeyuka, shadi waliokufa wanaelea na upepo unawasukuma ukingoni, na kambare anakuja kuokota bila jasho. Chukua kipande cha shadi, ndoano ya duara, chubwi la gramu 30 linaloteleza kwenye mshipi, na kiungo kinachozunguka ili chubwi lisimame sentimita 45 kabla ya ndoano. Tupa upande unaopigwa na upepo, si mbali. Egemeza fimbo kwenye kijiti cha panda na ulegeze breki ya rili, la sivyo utaitazama fimbo yako ikiondoka kuelekea katikati ya bwawa. Akivuta, usitingishe. Ndoano ya duara inajigeuza yenyewe pembeni mwa mdomo. Wewe kaza mshipi tu. Shadi uliyemwokota Cheney abaki Cheney, usimpeleke bwawa jingine.

Besi mweupe ni habari fupi. Katikati ya Aprili, mvua ikinyesha na mto ukijaa kidogo, anapanda kutoka bwawani kwa makundi. Nenda juu mto unapoingilia, tumia jigi nyeupe ya gramu 3 au 4, ile ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi. Ukipata mmoja usihame, wenzake wapo. Watoto wanafurahia sana siku hizo.

Sehemu inayofuata niliirekodi wiki tatu baadaye, El Dorado, kaskazini mashariki mwa Wichita. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1981 kwenye mto Walnut, na walipolijaza waliacha miti imesimama. Ile mnayoiona nyuma yangu, mieusi, haina matawi, ni msitu uliozama. Kropi anaupenda, na boti inaumizwa nao.

Ila boti haijashuka bado, nisikilizeni. Mama zangu mnaotazama, mwiteni kijana asikie sehemu hii. Sisi wa Tanganyika tunajua kuogelea, na ujuzi huo ndio unaotudanganya hapa. Maji ya Aprili yanaweza kuwa na nyuzi 10 tu za Selsiasi. Ukianguka, dakika ya kwanza mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji unavuta maji. Ukiivuka dakika hiyo, una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Baada ya hapo vidole havikunji, hata kamba uliyorushiwa hutaishika. Mtu aliyevaa jaketi la kuokolea anabaki akielea na anaweza kuishi hata saa nzima akisubiri msaada. Mwogeleaji hodari asiye na jaketi amezama zamani. Sheria ya Kansas inamtaka mtoto wa miaka 12 na chini alivae muda wote botini, na kila mtu mzima awe na lake humo. Mimi nasema wote tulivae, tulifunge, tangu pale kwenye maegesho. Watoto wangu wanavaa hata kwenye ukuta wa bwawa, kwa sababu mawe yana mwani wa kijani na yanateleza.

Kwenye maegesho, kabla ya kusogea: kizibo cha nyuma, cha tundu la kutolea maji botini, kimekaza? Kafi ipo? Kamba ya kuzimia injini nimeifunga mkononi, nikianguka injini inajizima. Simu nimeitia kwenye mfuko wa plastiki, na mtu wa nyumbani anajua niko upande gani na nitarudi saa ngapi. Upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, boti ndogo kama hii nairudisha nyumbani na tunavua ukingoni. Nimeshaendesha dakika 40 mpaka hapa na kugeuza. Inauma, lakini nageuza.

Ukiingia, anza kwa kwenda upepo unakotoka. Nilikwambia wa ukingoni aukabili upepo usoni; wa botini ajifiche upande uliokingwa, na safari ya kwenda iwe ndiyo ngumu, ili injini ikikataa, upepo huohuo ukurudishe. Kati ya miti nenda polepole kama mtu anayetembea gizani, vingine ni visiki vilivyokatwa chini kidogo ya uso wa maji. Kila mtu akae. Usifunge nanga tezi, yaani nyuma. Wimbi likija linaingia hapohapo penye injini na boti inajaa. Nanga ni ya omo, yaani mbele. Mimi penye miti situmii nanga kabisa, nafunga kamba kwenye mti kwa fundo la kufungua haraka.

Kipimajoto: nyuzi 17. Kropi wameingia. Fimbo ndefu ya mita 3, mshipi mwembamba, jigi ndogo chini ya boya, kina cha sentimita 60 mpaka 90. Hutupi. Unanyoosha fimbo na kuishusha jigi kando ya shina lenyewe, kama unavyochovya kalamu kwenye wino, halafu unatulia. Boya likizama, sawa. Lakini tazama pia boya linapolala ubavu bila sababu, hapo kropi amekamata akipanda juu na kuinua uzito wa jigi. Inua kwa upole, mdomo wake ni laini kama karatasi na unachanika. Ukikaa dakika tano bila kitu, hamia mti mwingine. Leo mti wa saba ndio ulionipa, wote tisa hawa wametoka kwenye shina moja.

Tumerudi mtelemkoni. Boti iko juu ya trela na nakichomoa kile kizibo hapahapa, kabla ya barabara, maana sheria inataka hivyo. El Dorado ndilo bwawa la kwanza Kansas kuonekana kome pundamilia, mwaka 2003. Wachanga wao huwaoni kwa macho, wanasafiri ndani ya kikombe kimoja cha maji, na wakishaingia bwawani wanaziba mabomba na kula chakula cha samaki wadogo. Toa majani yote kwenye injini na trela. Mwaga maji ya ndoo na ya tangi. Chambo hai kilichobaki kinakwenda kwenye pipa la taka, si majini. Kisha boti ikauke siku 5 kabla ya kuingia bwawa jingine, au uioshe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Wiki ijayo nataka kwenda Cheney tena, kwa hiyo itakaa juani uani kwangu. Kizibo nakiweka juu ya kiti cha dereva, nikitaka kukaa nikione.