Ukiona Mawingu Umechelewa

Hamjambo nyote. Walio mlangoni ingieni, viti vya mbele haviumi.

Nilifundisha shule ya msingi miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mkinyamaza nitadhani mmeelewa, na mkipiga kelele nitaandika majina. Nimeombwa niseme juu ya maisha ya shamba dogo la familia hapa Nairobi, kazi zake za kila siku na za kila msimu. Sikuja kama mtaalamu. Nimekuja kama mtu aliyeamka leo saa kumi na moja alfajiri akakamua ng'ombe wawili, akaoga mara mbili, na bado nasikia harufu.

Shamba letu liko Mutuini, upande huu huu wa Dagoretti. Ni robo tatu eka. Ukitoa nyumba, choo, zizi, njia ya gari la mwanangu na kaburi la baba mkwe, inabaki kama nusu. Hapo pana ng'ombe wawili na mtamba mmoja, kuku kama thelathini, mistari ya nyasi za nepia, kipande cha mahindi na maharagwe, sukuma na managu karibu na jikoni, nduma kule chini kijitoni, na miparachichi mitatu ambayo majirani wanaifahamu kuliko mimi.

Sasa, vijana wanaonitembelea huuliza swali moja: "Shosho, mvua ikianza nipande nini?" Swali lenyewe halina ubaya, ila mwezi wake umeshapita. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siwapingi wahenga, lakini nadhani aliyesema hivyo alikuwa ameanika nguo. Mwenye shamba akingoja mawingu amechelewa.

Tuna mvua mbili huku. Masika huanza Machi na kwisha Mei, na Aprili ndio kilele. Vuli huja Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna baridi ya Juni mpaka Agosti, ile ya mawingu yasiyonyesha, halafu jua la Januari na Februari. Wazee wa Kikuyu wa upande huu waliita misimu hiyo kwa jina la kinachopandwa: msimu wa njahi, yale maharagwe meusi, ndio masika yetu, msimu wa mwere, yaani uwele, ndio vuli. Mama mkwe wangu alisema "msimu wa mwere" mpaka alipotutoka, na tangu nilipoolewa kwake sikuona hata punje moja ya mwere shambani. Lakini sikieni busara ya majina hayo. Ukiuita msimu kwa jina la mbegu, lazima mbegu uwe nayo kabla msimu haujafika.

Mwezi wangu mkubwa basi ni huu unaokuja, Februari. Watu wakipita kwangu Februari huona vumbi na mzee wangu amekaa kwenye kigoda ananoa jembe, wanadhani tumepumzika. Ngojeni niwaambie tunafanya nini.

Kwanza mbolea. Samadi mbichi ukiitia kwenye shimo la mahindi inaunguza mche na kukuletea magugu yote ambayo ng'ombe alikula. Inatakiwa iive. Tunapanga lundo: mabua, samadi, majivu kidogo, majani mabichi, udongo, tena mabua, tunanyunyiza maji, tunafunika. Kila baada ya wiki mbili tatu tunaligeuza. Katikati tunachomeka fimbo ndefu, na hiyo ndiyo mashine yetu: ukiichomoa ikawa moto, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, linataka maji, ikiwa baridi na nyeupe nyeupe, lina ukungu, ligeuze. Kazi hiyo huchukua kama miezi mitatu. Hesabuni kurudi nyuma. Mbolea ya Februari ilianza Novemba, wakati vuli inanyesha na kila mtu ana matope mpaka magotini na hakuna anayetaka kusikia neno mbolea.

Pili, mabomba ya paa. Hesabu hii niliwafundisha watoto wa darasa la sita na wengine wao ni watu wazima humu ndani: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 30, ambayo hapa kwetu ni mvua ya jioni moja tu ya Aprili, linakupa lita 1,800. Lakini mabomba yakiwa yamejaa majani ya mkaratusi na kiota cha ndege, maji yote yanamwagika ukutani na unaanza kununua maji ya mikebe huku mvua inakunyeshea kichwani. Ngazi hupandwa Februari.

Tatu, mitaro. Hapa niungame.

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yetu. Mnajua mambo hayo, wageni, hema, mbuzi, ukoo mzima una maoni. Februari ikapita, Machi ikapita, mitaro haikuzibuliwa. Nikajiambia vibarua watakuja wiki ijayo. Mnakumbuka masika ya mwaka ule yalivyokuwa, Mathare na Mai Mahiu watu wakipoteza nyumba na wapendwa wao. Hasara yangu mimi ni ya kuonea haya kuitaja karibu na ile. Lakini ni somo, kwa hiyo naitaja. Usiku mmoja maji yaliingia kwa juu, yakapita kwenye mtaro uliojaa udongo kama vile mtaro haupo, yakaliona lundo langu la mbolea, lundo la miezi mitano, yakalibeba lote. Lote! Asubuhi nilikuta fimbo tu imesimama. Mbolea ilikwenda kwa jirani wa chini, kwenye nduma zake. Mwaka ule nduma za jirani zilikuwa na majani kama mwavuli. Alikuja kunishukuru na kikapu, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kwa hiyo nikisema mvua haianzishi kazi bali inakagua kazi, nasema kama mtu aliyeanguka ukaguzi.

Masika yenyewe, nisiwachoshe, mengi mnayajua. Mashimo yamechimbwa, mbolea imetiwa, mbegu imenunuliwa mapema wakati agroveti haina foleni, na ile stika ya pakiti imekwaruzwa na namba yake imetumwa kwa simu kuhakikisha mbegu si ya bandia. Mvua ya kwanza mimi siiamini, huwa inadanganya. Nangoja udongo ulowe mpaka kiganja kizima kizame. Palizi la kwanza ni wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kutokeza, na Mungu ni mwema, shule hufungwa Aprili. Neno moja tu: msiingie kwenye maharagwe asubuhi majani yakiwa na umande au mvua. Unayapitishia ugonjwa kwa suruali yako, jani kwa jani. Kunyweni chai kwanza.

Tuje kwa ng'ombe, maana hapa ndipo wengi hudanganywa. Ng'ombe wa maziwa akilishwa nepia mbichi anataka kama kilo 70 kwa siku. Maji, lita 60 na zaidi. Watu wa kilimo hukadiria kwamba eka moja ya nepia iliyotunzwa vizuri inatosha ng'ombe mmoja. Mimi nina nepia robo eka na ng'ombe wawili. Fanyeni hesabu. Nakula deni la nyasi kila siku ya mwaka, na deni hilo linalipwa kwa mkokoteni wa kijana anayekata nyasi kando ya barabara, na kwa mabeli ya nyasi kavu. Sasa beli hilohilo, Julai, mashamba yakiwa yametoka kukatwa, hupatikana kwa bei ya kuongea. Februari muuzaji hata simu hashiki. Tunanunua Julai, tunapanga juu ya mbao, mbali na sakafu, chini ya mabati. Mzee wangu alipinga miaka mitatu akisema pesa imelala darini. Mwaka wa nne alipanda mwenyewe kuyahesabu.

Ng'ombe wetu mkubwa watoto walimwita Waziri, kwa sababu hufika wa kwanza kwenye chakula na akishiba hasikii mtu. Waziri hajui Krismasi wala uchaguzi. Anakamuliwa alfajiri na tena saa tisa na nusu alasiri, na ukimchelewesha maziwa yanapungua, na akikaa na maziwa kiweleni au zizi likiwa na tope anaugua kiwele. Akitafuta dume hakungoji: ukimwona asubuhi analia, anapanda wenzake, anasimama akipandwa, mtu wa mbegu, yule anayepandikiza ng'ombe kwa sindano ya mbegu za dume, aje jioni hiyo. Ukimwona jioni, aje asubuhi. Ukikosa, unangoja siku 21 nyingine, na siku hizo unamlisha bure. Sasa niambieni, mkulima wa simu aliye ofisini Upper Hill atamwona saa ngapi? Ndiyo maana nikiulizwa shamba dogo linataka nini kwanza, sisemi mtaji. Nasema mtu. Na nikiwatazama wanaume humu nasema wazi, mtu huyo mara nyingi ni mama wa nyumba, na kazi yake haiandikwi popote.

Baridi ya Juni hadi Agosti watu huiona kama likizo. Kwangu ndio msimu wa kuharibikiwa. Vifaranga hufa kwa baridi. Tunawawekea jiko chini ya pipa lililotobolewa, na mtu analala nusu jicho, kwa sababu moshi pia unaua. Kuku wanachanjwa dhidi ya ugonjwa wa kideri kila miezi mitatu, tone moja jichoni, na dawa hiyo inabebwa kwenye chupa ya chai yenye barafu, haibebwi mfukoni. Viazi, kama ulithubutu kuvipanda, vinaweza kuchomwa na ule ugonjwa unaoacha majani meusi kana kwamba yamemwagiwa maji moto usiku.

Halafu mahindi. Yanavunwa Agosti na Septemba, na jua hakuna. Hapa nawaomba mnisikilize hata kama mengine yote mtayasahau. Mahindi yakiwekwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo una sumu isiyooshwa kwa maji wala kuuawa na moto wa ugali. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Mahindi yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 au chini. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe kwenye turubai. Isipoganda, yatie kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa na ufunge, dumuzi watakufa humo kwa kukosa pumzi. Chupa yangu ilikuwa ya sosi ya nyanya. Niliisafisha siku mbili.

Oktoba mjini mijakaranda inachanua, lami inakuwa ya zambarau, watu wanapiga picha. Mimi nikipita na matatu nikaliona ua la kwanza, nashuka Dagoretti Corner kununua maharagwe ya mbegu. Vuli ni fupi, inataka mazao mafupi, na lundo la mbolea linaanza upya. Mmesharudi pale nilipoanzia.

Mtu ameniandikia swali hapa kwenye karatasi: je, inalipa? Mwandiko wake mbaya, lakini swali ni zuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo ninalo daftari, la maziwa na la matumizi. Kuna miezi Waziri analipa karo ya mjukuu na kuna miezi mimi namlipia Waziri. Mwanangu wa pili naye ana daftari lake. Amechora vyumba 12 vya kupangisha, vya mabati, hapo penye nepia, na hesabu yake iko sawa, nimeisahihisha mwenyewe sikupata kosa. Kodi ya vyumba hivyo inaishinda maziwa mara nyingi. Zamani kanjo, yaani baraza la jiji, ndiyo iliyotuogopesha na ng'ombe wetu. Tangu 2015 kaunti ina sheria yake ya kilimo cha mjini, inayotutambua. Sasa anayenitisha anakula mezani kwangu. Nilimwuliza tu vyumba hivyo vikijengwa maji ya Aprili yatapita wapi. Alichukua penseli akaanza kuchora mtaro, akaupitisha chini, akasimama. Unaishia kwenye nduma za jirani. Bado tunazungumza.

Naona saa nane imeshapita. Naweza kujibu maswali mawili, yule wa kofia nyekundu na yule mama mwenye mtoto, kisha niachieni nikapande matatu. Mzee wangu anajua kukamua, ila Waziri amekataa kujua.