Excel Inakula Sifuri na Kugeuza Namba za NIDA: Izuie Hivi

Tazama hapa kwenye seli A2. Naandika namba ya simu, 0700000123, nagonga Enter. Sifuri imeliwa. Chini yake naandika namba ya NIDA ya mfano, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, tarakimu zote 20 bila vistari. Imegeuka 1.99001E+19. Ya tatu ni matokeo ya mpira, 2-1, na Excel inaniletea 02-Jan. Mimi nimetaka magoli, yenyewe inanipa Januari.

Haya, karibu. Kama unatunza daftari la kikoba, orodha ya wanafunzi au michango ya harusi, video hii ni yako.

Kabla hujagusa kitu, bofya seli iliyoharibika, kisha angalia juu kwenye ule mstari wa fomula. Usiangalie seli, angalia juu. Kwenye namba ya simu juu panasomeka 700000123, maana yake tarakimu tisa zipo, imepotea sifuri tu. Hiyo inarudi. Sasa bofya ile ya NIDA. Niliandika 19900101123456789123. Nasogeza karibu uone: juu pameandikwa 19900101123456700000. Zile tano za mwisho, 89123, zimekuwa sifuri. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, zinazozidi inazifuta. Hazijafichwa, zimefutwa. Ukipanua kolamu hazirudi, ukibadilisha aina ya seli hazirudi, ukifunga na kufungua hazirudi. Itabidi uchukue kitambulisho uandike upya.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka unichoke: aina ya seli inabadilishwa KABLA ya kuandika. Kabla.

Twende. Bofya herufi ya kolamu juu, ichaguliwe yote. Ctrl na 1. Kwenye Number chagua Text, OK. Sasa andika: 0700000123. Sifuri imekaa. NIDA, tarakimu zote 20 zimekaa. 2-1 imebaki 2-1.

Umeona kipembe cha kijani kwenye kona ya seli? Excel inalalamika kwamba namba imehifadhiwa kama maandishi. Iache ilalamike. Ukibofya alama ile ya mshangao ukachagua Convert to Number, umerudi ulikotoka, na NIDA imekufa tena. Ukitaka kipembe kiondoke, chagua Ignore Error.

Usichague shiti nzima ukaigeuza Text kwa uvivu. Kolamu ya pesa iache. Kiasi ukikiandika kwenye Text, SUM itakupa 0, halafu mweka hazina atakuangalia vibaya.

Kwa seli moja au mbili kuna njia fupi: tanguliza ritifaa, ile alama ya kwenye ng'ombe, kisha namba. Haitaonekana kwenye seli. Ila iandike kwa kibodi ndani ya Excel. Ukiinakili kutoka Word huja ile iliyopinda, na hiyo Excel haiitambui, inabaki inaonekana mbele ya namba. NIDA pia ukiiandika na vistari vyake, makundi ya tarakimu 8, 5, 5 na 2, Excel haiigusi. Binafsi napenda hii ya vistari, hata kuisoma ni rahisi.

Sasa tuokoe simu zilizokwisha kuharibika. Naingiza kolamu mpya pembeni, na kwenye B2 naandika:

="0"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu tisa za kulia, inaweka sifuri mbele. Iwe 700000123, iwe 255700000123, iwe na alama ya kujumlisha, zote zinatoka 0700000123. Za Kenya na Uganda pia zinakubali, nako ni tisa baada ya namba ya nchi. Enter...

Subiri. Unaona? Imeniandikia fomula yenyewe, haijatoa jibu. Sikati hapa, maana na kwako itatokea. Kolamu mpya imerithi Text kutoka kwa jirani yake wa kushoto, na kwenye Text fomula ni maandishi tu. Kwa hiyo: chagua kolamu B, Ctrl na 1, General, OK. Bado haijabadilika, sivyo? Ingia kwenye seli kwa F2, kisha Enter. Hiyo hapo. Vuta mpaka chini, nakili, halafu Paste Special, Values juu ya kolamu A ambayo ni Text. Usibandike kawaida, utabandika fomula.

Kwa tarehe, usikimbilie kuigeuza Text. Mimi niliyeandika 2-1 nikiigeuza napata namba kama 45659, kwa sababu Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900, na 45659 ni 2 Januari 2025. Tumia =DAY(A4)&"-"&MONTH(A4). Lakini angalia kwanza kompyuta yako: ikiwa imepangwa kwa tarehe za Marekani, 2-1 imekuwa 1 Februari, hivyo anza na MONTH. Ukikosea hapo, aliyeshinda anakuwa aliyefungwa.

Kwenye Excel mpya ya Microsoft 365, fungua File, Options, Data, utakuta Automatic Data Conversion. Ondoa tiki kwenye sifuri za mbele, kwenye tarakimu 15, na kwenye herufi E, hii inayogeuza msimbo wa bidhaa kama 12E5 kuwa 1200000. Ya mwisho, ya tarehe, inazuia tu herufi na namba zilizoshikana, kama JAN1. 2-1 itaendelea kugeuzwa, kwa hiyo Text yako bado unaihitaji.

Sasa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na hapa punguza mwendo. Usilibofye mara mbili. Ukilibofya, Excel inalifungua na kuharibu kila kitu kabla hujaona, na ukigonga Ctrl S umeandika uharibifu juu ya faili la asili. Fungua Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, chagua faili, kisha palipoandikwa Data Type Detection chagua Do not detect data types, halafu Load. Vichwa vya kolamu vinaweza kushuka mstari wa kwanza na juu pakaandikwa Column1, Column2. Vipandishe kwa mkono.

Na CSV haitunzi aina ya seli. Umepanga Text vizuri, ukahifadhi kama CSV, kesho ukiibofya mara mbili sifuri zimeliwa tena. Sijui niseme mara ngapi: usiibofye mara mbili.

Wa Google Sheets: Format, Number, Plain text, kabla ya kuandika. Ukiingiza CSV, toa tiki ya kubadili maandishi kuwa namba na tarehe.

Daftari la kikoba nililolipanga tayari, kolamu za simu na NIDA zikiwa Text, lipo kwenye maelezo hapo chini pamoja na bei. Ukimtumia katibu wako, mtumie hivyo hivyo kama xlsx, faili la kawaida la Excel.