Tulikuwa Tunaipigia Nyumba, Siyo Mtu

Haya jamani, habari zenu huko nyumbani. Sauti ikisikika kama natokea ndani ya debe mnisamehe, leo nimo ndani ya kibanda cha simu. Cha barabarani kabisa. Ngoja nigeuze kamera muone. Vioo vimechubuka, hapa kuna mtu amechora moyo na herufi mbili, na mkonga bado unaning'inia kwenye waya wake uliovikwa chuma. Nauweka sikioni... kimya. Hata ule mlio haupo.

Hapa napita kila siku nikienda kazini, miaka sasa, na sikuwahi kuingia. Jana nilikuwa na mwanangu, akauliza hili kabati ni la nini. Nikamwambia ni simu. Akaingia, akaanza kupapasa huku na huku anatafuta pa kugusa iwake. Nikasema basi, kesho narudi na kamera.

Ninyi mliozaliwa simu zikiwa mfukoni, ilikuwa hivi. Unainua mkonga, unasikiliza mlio, unatumbukiza sarafu, unabonyeza namba. Kwenye mashine nyingi sarafu haikumezwa papo hapo. Ilishikiliwa humo ndani mpaka mtu apokee upande wa pili, na asipopokea, ukikata inadondoka kwenye kikopo hiki hapa chini. Kwa hiyo msije mkadhani kubipu kumeanza na simu za mkononi! Sisi tulikuwa na mapatano: ikiita mara mbili ikakatika, ujue nimefika salama. Ujumbe umefika, sarafu yangu imerudi mkononi. Na kikopo hicho kila aliyepita alikichungulia, hata asiye na nia ya kupiga simu. Mimi pia.

Mashine ya kwanza ya kulipia kwa sarafu ilifungwa mwaka 1889 kwenye benki moja mjini Hartford, Marekani, na aliyeibuni aliitwa William Gray. Ninachokipenda ni kilichofuata. Kwa miaka mingi, kwenye simu za mbali za kule, opereta alikuwa anahesabu hela zako kwa masikio. Ndani ya mashine mlikuwa na kengele, na kila sarafu ilikuwa na mlio wake: ya senti 5 inagonga mara moja, ya 10 mara mbili, ya 25 inagonga kengele nzito. Dada wa watu yuko maili nyingi huko, anasikiliza sarafu zako zinavyoanguka ndipo akuunganishe.

Nilipofika ughaibuni mimi, mambo ya opereta yalishapita, tukawa kwenye kadi. Kadi ya kukwangua. Unakwangua kwa ukucha, unapiga namba ya kampuni, unaingiza namba ya siri ndefu kama ya akaunti ya benki, halafu namba ya nyumbani na msimbo wa nchi. Ukikosea tarakimu moja mwishoni, unaanza upya, na nyuma yako kuna foleni inaguna. Kisha sauti ya mwanamke inakuambia una dakika 40. Ndugu zangu, dakika 40 zile sikuwahi kuziona. Mara ada ya kuunganishwa, mara dakika iliyoanza inahesabiwa nzima, ukizungumza robo saa unasikia "salio lako limekwisha" katikati ya jina la mtu. Kadi moja niliyokuwa nainunua, siitaji, ilinikata siku mama anaanza kuniambia nani amelazwa. "Sasa juzi tumempeleka hospitali..." tii, tii, tii. Nililala na swali hilo mpaka asubuhi.

Halafu kulikuwa na lile pengo. Simu ikipitia setilaiti, sauti inapanda kilomita kama 36,000 na kushuka nyingine 36,000. Hiyo ni robo sekunde kufika, na jibu likirudi nusu sekunde imeshapita. Kwa karatasi ni kidogo. Kwenye mazungumzo ni balaa: unauliza "mzima?", hujibiwi, unauliza tena, na majibu mawili yanakuja yamegongana na swali lako la pili. Wazee walitumaliza kwa kupiga kelele, maana waliona umbali ni mrefu, basi sauti nayo iwe kubwa.

Lakini kilichonileta humu ni kitu kingine. Simu ya kule nyumbani haikuwa yetu, ilikuwa ya jirani. Napiga, anapokea mtoto yeyote, nasema niitie mama, nakata. Baada ya dakika tano napiga tena. Sasa mama amekuja mbio, na nusu dakika ya kwanza ninayoilipia ni pumzi zake tu. Nyuma nasikia redio, mlango unagongwa, mtu anauliza "ni yeye?", mwingine anasema "muulize kama kuna baridi". Kazi nilipopata, jirani ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu ndiye aliyepokea na mimi sikuweza kujizuia. Tulikuwa tunaipigia nyumba. Aliyekuwepo anapokea, na waliokuwepo wote wanasikia.

Siku hizi nampigia mama, na mama ndiye anayepokea. Raha, silalamiki. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 lile pengo likaanza kupungua, WhatsApp ikaleta simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka uliofuata, na namwona usoni, ingawa nusu ya muda naona dari. Ila jirani yule sijasikia sauti yake miaka mingapi? Sina hata namba yake. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba, na hiyo bado naikumbuka kwa kichwa. Namba ya mke wangu siikumbuki, msimwambie.

Vibanda vyenyewe vinaisha. New York waliondoa cha mwisho cha jiji Mei 2022, mashine ikaenda jumba la makumbusho. Uingereza vile vyekundu vingine vimewekwa vitabu vya kuazima, vingine mashine za kushtua moyo uliosimama. Australia ndio walionishangaza: tangu Agosti 2021 simu za barabarani ni bure ndani ya nchi, kwa sababu kuna watu hawana simu, au imezima chaji usiku na wako mbali na kwao.

Subirini, kuna mtu anagonga kioo. Naam, kaka? ... Haya, haya, natoka. Jamani, mnajua anataka nini? Ana simu yake mkononi, anaongea na mtu, kelele za magari zimemshinda. Anataka aingie humu afunge mlango.