Dola ya Mchanga Kabla Haijawa Gamba Jeupe

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia dola ya mchanga, mnyama bapa ambaye gamba lake lenye mchoro wa petali tano huokotwa ufukoni maji yakishatoka. Kaka Salim, wengi hudhani ni kombe tu.

SALIM: Ni mnyama kamili, dada Rehema, wa ukoo mmoja na kiti cha pweza. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina wale wa jenasi ya Echinodiscus, wenye mianya miwili iliyotoboka gambani, lakini leo nitamweleza Dendraster excentricus, anayepatikana tangu Alaska hadi Baja California, kwa sababu maisha yake yamechunguzwa sana. Akiwa hai huwa wa zambarau, amevikwa vijiiba vifupi vilivyosongamana kama mahameli. Weupe huja baada ya kufa.

REHEMA: Na huzaana vipi?

SALIM: Dume humwaga mbegu na jike mayai, yakarutubishwa humo humo majini. Kiluwiluwi kinachotoka hakifanani hata kidogo na wazazi wake: kina mwili unaopenya mwanga na mikono iliyoshikiliwa na vijiti vya chokaa, nacho huelea kwa wiki kadhaa kikila mwani mdogo mno, huku ubavuni kushoto, ndani kwa ndani, mtoto bapa akianza kujengeka.

REHEMA: Samaki hawakimalizi?

SALIM: Hukila sana, na hapo ndipo penye ajabu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2008 Dawn Vaughn na Richard Strathmann, wa Chuo Kikuu cha Washington, walionyesha kwamba viluwiluwi vya siku nne, vikikutana na ute wa samaki majini, hujigawa na kuwa viwili, kila kimoja kidogo kuliko cha awali na hivyo kigumu zaidi kuonekana na adui.

REHEMA: Kisha hujuaje pa kutua?

SALIM: Hufuata kemikali ambayo wakubwa huiacha mchangani. Kikishaihisi, hubadilika umbo upesi na kutua palepale walipo wakubwa, na uamuzi huo una faida, kwa kuwa wakubwa huutibua mchanga daima, na vijidudu jamii ya kamba vinavyokula watoto hushindwa kujenga vishimo vyao hapo.

REHEMA: Lakini mtoto mwepesi namna hiyo si atachukuliwa na mawimbi?

SALIM: Angechukuliwa, kama asingemeza chembe nzito za mchanga wenye chuma, ambazo huzichagua na kuzihifadhi katika kifuko cha utumbo ili zimtie uzito. Akikua chembe hizo hupungua, na mahali penye maji matulivu husimama wima, nusu amefukiwa, akinasa chakula kinacholetwa na mkondo. Mkondo ukiwa mkali hulala bapa. Umri wake husomwa katika mistari ya ukuaji iliyo kwenye vibamba vya gamba, na wapo wanaopita miaka 10.